Usinunue Spear kwa weupe wake

Siku hizi hukosi kukuta mtu anauza Spear kwenye simu. Jalada limepigwa picha juu ya kitambaa cheusi, Lance Spearman na kofia yake na tai ya kipepeo, na chini yake maneno mawili ya kumaliza kazi: "Safi kabisa." Kisha inafuata bei ya kumkalisha mtu chini. Vijana wananunua, kwa sababu baba zao na wajomba zao waliwahadithia habari za Spearman mpaka wakampenda bila kumwona. Mapenzi hayo nayaheshimu. Neno langu ni juu ya hilo "safi kabisa". Gazeti la karatasi duni lililoishi pwani hii kwa zaidi ya miaka hamsini, likija safi, usafi wake ndio wa kwanza kutakiwa maelezo.

Mimi ni mjalidi. Kazi nilijifunza kwenye chumba cha uchapaji hapa Tanga, nikiwa msichana wa kukusanya kurasa na kuzipiga pini, na sasa naifanya barazani kwangu. Wengi huniletea misahafu iliyoachia mgongo na vitabu vya shule. Lakini wamezidi wanaoleta magazeti ya picha na katuni za zamani, na kila mmoja anataka nimjibu maswali mawili: je, ni lenyewe? Na hali yake ikoje? Watu huyachanganya maswali haya, na muuzaji mjanja hufaidika na mchanganyiko huo. Gazeti laweza kuwa halisi na limeoza. Laweza kuwa la kughushi na likang'aa. Tena laweza kuwa halisi, likakarabatiwa kimya kimya mpaka nusu yake si yake tena, na hilo la tatu ndilo linalonikera kuliko yote.

Kwa asiyeyajua magazeti yenyewe, Spear ndilo jina la mtaani la African Film, gazeti la hadithi za picha lililotolewa na Drum, kampuni ya Jim Bailey wa Afrika Kusini, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960. Halikuchorwa. Waigizaji walipigwa picha, na maneno yakawekwa juu ya picha. Spearman, shujaa wa hadithi hizo, aliigizwa na Jore Mkwanazi, na pembeni yake walikuwamo wahusika Sonia, Lemmy na Kapteni Victor. Lilisomwa Nigeria, Ghana, Kenya, mpaka kwetu. Hapa Tanzania Faraji Katalambula, yule wa riwaya ya Simu ya Kifo, naye akatoa gazeti lake la picha kwa Kiswahili. Nairobi, mwaka 1973, Hilary Ng'weno na Terry Hirst wakaanzisha Joe. Dar es Salaam ikaja Sani ya Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, walimoishi kina Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Kipepe na Pimbi. Yote yalichapwa yasomwe wiki ile, yapite mikono kumi, kisha yafungie maandazi. Hakuna mchapaji aliyechagua karatasi akiwafikiria wajukuu.

Na karatasi ndiyo shahidi wa kwanza. Karatasi ya magazeti hutengenezwa kwa mti uliosagwa pamoja na karibu vyote vilivyomo, ikiwemo lignini, ile inayoushikilia mti usimame. Ikipigwa na mwanga na hewa, lignini hubadilika rangi, na karatasi huzaa tindikali inayozikatakata nyuzi zake yenyewe. Uharibifu huu una njia yake. Huanzia ukingoni kuelekea katikati ya ukurasa, na kurasa za nje kuelekea za ndani. Gazeti lililozeeka lenyewe lina ukingo wa kahawia, kisha njano, kisha katikati nafuu, na ukifunua kurasa za kati kabisa unazikuta changa kuliko za mwanzo. Juu ya hapo weka hewa yetu. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 65 hivi kwa muda mrefu ukungu huota, na Tanga kuna miezi mingi ambayo unyevu haushuki chini ya hapo. Pini hushika kutu, na kutu hutia doa kurasa zote inazopenya, doa likipungua ukubwa kadiri unavyoiacha pini. Mende hula uso wa jalada mahali palipomwagikiwa kitu kitamu.

Kwa hiyo likija gazeti la 1970 limekaa miaka yote hiyo kwenye kabati la Tanga, Mombasa au Unguja, nalitazamia lije na hizo alama. Likija jeupe na pini zinameta, siulizi ni zuri kiasi gani. Nauliza lilikuwa wapi.

Na jibu laweza kuwapo. Mwaka 1977 huko Denver, Marekani, muuza katuni aitwaye Chuck Rozanski alinunua maelfu ya magazeti ya katuni yaliyokusanywa na Edgar Church, mchoraji wa matangazo. Mengi yalikuwa na umri wa miaka thelathini au zaidi, na kurasa zake zilikuwa nyeupe mpaka wajuzi wakastaajabu. Lakini weupe ule ulikuwa na sababu. Hewa ya Denver ni kavu, na Church aliyapanga kwenye marundo marefu yaliyobanana, mwanga na hewa visipate pa kupita. Mpaka leo wakusanyaji wanazitambua nakala za Church, pamoja na mengine, kwa alama za penseli zilizo kwenye majalada. Weupe wa namna hiyo una mtu, una nyumba na una hali ya hewa. Muuzaji akinieleza kwamba Spear yake imetoka Iringa au Nyeri, ilikaa katikati ya rundo ndani ya sanduku la bati la mzee fulani, nami nikakuta kingo zake zinasema hivyo hivyo, nitamwamini. Akiniambia tu "imetunzwa vizuri", hajaniambia kitu.

Wamarekani wameonja uongo kabla yetu, maana kwao fedha ni nyingi. Mwaka 2024 nakala moja ya Action Comics nambari 1, lile toleo la Juni 1938 lililomleta Superman, iliuzwa mnadani kwa dola milioni 6. Sasa sikiliza hii. Mwaka 1974 kampuni ya DC yenyewe ilichapa upya toleo hilo kwa ukubwa wa sentimita 25 kwa 34 hivi, kwa nia njema kabisa, ndani ya jalada gumu linalosema wazi kuwa ni marudio. Lakini chini ya jalada hilo kulikuwa na la pili lililofanana na la 1938. Watu wakabandua la nje, wakauza la ndani. Wapo waliolipa fedha nyingi kwa kitu ambacho rula ya mwanafunzi ingekikataa, kwa sababu la asili lina kama sentimita 20 kwa 26 tu. Ndiyo maana nawaambia vijana kwamba picha ya simu haina kipimo. Mwambie muuzaji aweke rula juu ya gazeti ndipo apige picha.

Mfano wa pili unanigusa zaidi. Mwaka 1984 Kevin Eastman na Peter Laird walijichapishia nakala 3,000 hivi za toleo la kwanza la Teenage Mutant Ninja Turtles, na halikukawia kughushiwa. Wajuzi wakaziainisha nakala bandia. Weusi wa jalada unaelekea buluu, nyuma katikati kuna mkwaruzo, na karatasi ya ndani ni nyeupe mno. Mkwaruzo unaorudi mahali pale pale nakala baada ya nakala haukuchubuliwa na mkono wa msomaji, umechapwa. Na weupe, ule ule ambao mnunuzi wetu anaulipia zaidi, ndio uliokuwa alama ya uongo.

Uongo wa namna hiyo niliuona kwenye gazeti moja alilokuja nalo kijana wa huku Chumbageni. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, kaa." Akalitoa ndani ya bahasha ya plastiki, Spear, muuzaji kamwambia ni ya 1969. Alitaka nimtengenezee sanduku la kulihifadhi. Nikanawa mikono, nikalilaza mezani, nikapitisha kidole juu ya jalada. Jicho lilikuwa linaona mkunjo mrefu unaokata bega la Spearman, mkunjo wa gazeti lililowahi kutiwa mfuko wa nyuma wa suruali. Kidole hakikuuona. Karatasi ilikuwa laini, bila bonde wala mwinuko. Mkunjo ule ulikuwa wa gazeti lingine, lililopigwa picha na kuchapwa hapa.

Nikafungua katikati. Pini zilikuwa bapa, zinang'aa, za stepla ya ofisini. Kiwandani pini hukatwa kutoka kwenye roli ya waya, na waya ule ni wa mviringo. Aliyewahi kuigusa mashine ile hazichanganyi. Kuzunguka pini kulikuwa na kivuli cha kijivu mfano wa doa la kutu, lakini kutu haina rangi ya kijivu na haikai upande mmoja tu wa karatasi. Nikachukua kioo cha kukuzia. Picha ya gazeti ni vitone, vikubwa penye giza na vidogo penye mwanga, vimejipanga mistari kama askari. Picha hiyo ikipigwa picha tena na kuchapwa kwa vitone vipya, vya zamani na vipya hugongana na kuzaa mawimbi. Uso wa Sonia ulikuwa umejaa mawimbi. Maneno nayo yalikuwa yamekaa juu ya karatasi, yanameta ukiyainamisha kwenye mwanga wa dirisha, kwa sababu unga wa mashine ya fotokopi huyeyushwa ukaganda juu, wakati wino wa mtambo wa magazeti huzama ndani.

Kisha nikamwomba muuza duka jirani taa yake ya kukagulia noti. Karatasi nyeupe za ofisi za siku hizi hutiwa kemikali ya kung'arisha, na chini ya taa ile hutoa mwanga wa buluu. Karatasi ya zamani ya magazeti kwa kawaida hubaki imefifia. Kurasa za kijana wangu zilimulika, hata chini ya hudhurungi iliyozifunika. Na hudhurungi yenyewe nikaijua: chai. Imepakwa sawasawa kutoka ukingo hadi ukingo, kurasa za kati sawa na za mwanzo, na karatasi imejikunyata kwa maji. (Taa peke yake usiitegemee. Majalada ya karatasi laini ya miaka hiyo huenda nayo yalitiwa king'arishi. Taa ni shahidi mmoja, na anataka wenzake.)

"Kwa hiyo mama, halina thamani?" Nikamwambia, lina hadithi nzima ya Spearman ndani yake, lisome, mpe na mdogo wako. Ila usije ukamuuzia mtu kwa jina la lenyewe.

Maandishi nayo hutoa ushahidi, na hayahitaji kioo. Tazama bei. Nigeria ilianza kutumia naira na kobo tarehe 1 Januari 1973, kwa hiyo gazeti lolote lenye bei ya kobo haliwezi kuwa la kabla ya hapo, hata muuzaji aape. Tazama matangazo. Tangazo la East African Airways ni la kabla ya shirika lile kufa mwaka 1977. Tafuta jina na anwani ya mchapaji, kwa kawaida kwa herufi ndogo chini ya ukurasa wa mwisho. Kenya sheria inalazimisha liandikwe. Mwenye kughushi huhangaika na uso wa Spearman, na hapo chini mara nyingi huacha herufi zimefumbana hazisomeki.

Sasa hali. Wamarekani wana kampuni ya CGC, iliyoanza mwaka 2000, inayolipa kila gazeti alama kuanzia 0.5 hadi 10 na kulifungia ndani ya plastiki ngumu. Vipimo vyao kwa magazeti yetu sivikubali vyote, na nitasema kwa nini. Lakini kitu kimoja nakitaka kije hapa kesho asubuhi: gazeti lililokarabatiwa hupewa lebo ya zambarau, tofauti na ya buluu ya kawaida, na ukarabati huandikwa. Umepaka rangi mahali palipochubuka? Inaandikwa. Umekata ukingo ulionyauka ili uonekane mpya? Inaandikwa, na thamani inashuka sana.

Huku kwetu hayo yote yanafanyika na hayasemwi. Wenzangu wa kazi hii wanapunguza kingo kwa kisu cha mashine, gazeti linatoka nadhifu, na mnunuzi haoni kwamba kiputo cha maneno kimepakana na ukingo pasipobaki hata milimita ya nafasi. Wanapitisha kalamu nyeusi kwenye mgongo uliopauka; geuza jalada utazame kwa ndani, wino umetokeza. Wanafuta madoa kwa dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, na baada ya mwaka karatasi inavunjika kwa vidole. Wanabandika selotepu, ambayo gundi yake hugeuka kahawia na kuzama ndani, isitoke tena. Mbaya kuliko zote ni laminesheni. Nimeletewa Sani iliyopitishwa kwenye mashine ya moto jani kwa jani, mwenyewe akidhani ameiokoa. Plastiki ile haibanduki bila kung'oa uso wa karatasi, na tindikali imefungiwa humo humo na chakula chake.

Sisemi gazeti lisitengenezwe. Jani lililochanika lishikizwe kwa karatasi nyembamba ya nyuzi ndefu na gundi ya wanga tunayopika wenyewe, ambayo atakayekuja baadaye ataitoa kwa maji kidogo. Kutengeneza ni heri. Kunyamaza baada ya kutengeneza, kisha ukauza, ni kughushi, na sioni tofauti yake na ile fotokopi ya chai.

Ninapoachana na Wamarekani ni kwenye alama za wasomaji. Kwao jina lililoandikwa kwa kalamu hupunguza alama. Nimewahi kushika Sani ya jalada lililopauka, kona zimeliwa, na ndani ya jalada mna majina manne kwa mwandiko wa watu wanne, kila jina limekatwa kwa mstari na la pili likaandikwa chini yake. Hayo ni maazimano. Gazeti moja, nyumba nne, labda mtaa mmoja. Nilipofunua, kurasa zote zilikuwapo, na kwenye ukurasa uliofuata vidole vyangu viliona vinundu vya kalamu iliyokandamizwa. Huo ni uhalisi ambao mashine ya fotokopi haiwezi kuutoa, na ni historia ya usomaji wetu ambayo haikuandikwa kwingine. Nakala ile kwangu ni bora kuliko ya jalada safi iliyokosa ukurasa wa katikati, na zipo nyingi za hivyo, kwa sababu ukurasa wa katikati ndio uliobanduliwa kwenda ukutani. Hesabu kurasa. Gazeti la kukunjwa na kupigwa pini hujengwa kwa karatasi za kurasa nne nne. Ukikuta jani moja limelegea bila mwenzake upande wa pili, kuna kilichotoka.

Ninachotaka kwa wauzaji hakina gharama. Picha ya katikati pini zikionekana. Picha ya ukingo, gazeti likiwa limefungwa. Jalada kwa ndani. Rula. Kurasa ngapi zipo. Kimekarabatiwa nini, na nani, na lilitoka wapi. Na kwa wenye maktaba na vyuo nina ombi lenye haraka zaidi: watu waliozipiga mashine zile, waliokunja na kupiga pini Sani za mwanzo na Joe, wanazeeka. Wanajua ukubwa wa kila toleo, aina ya karatasi iliyopatikana mwaka gani, mwaka upi wino ulikuwa haba. Mtu aende akae nao na daftari, apime nakala zilizopo, aandike. Bila orodha hiyo kila mnunuzi anakisia, na kila mwenye kughushi ana nafasi.

Mimi barazani kwangu nimeanza. Kila gazeti ninalolitengeneza naliandikia kwa penseli, ndani ya jalada la nyuma, nimefanya nini na mwaka gani. Wapo wateja wanaoniomba nisiandike, maana bei itashuka. Hao nawarudishia gazeti lao kama lilivyokuja.